Mabugo, Ubani na Harambee: Historia ya Mchango Kati ya Majanji na Mjini

Msomaji wa kawaida wa jarida letu haanzi kulisoma mwanzoni. Huanza nyuma, kwenye ukurasa wa matangazo: harambee ya karo ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkutano wa maandalizi ya arusi ya mwenzetu, mbio za hisani za kuchangia wodi ya saratani na, mara kwa mara, ndani ya kisanduku chenye mstari mweusi, mchango wa kusafirisha maiti. Makala za isimu na fasihi husomwa baadaye, kama zinasomwa. Hatulalamiki. Tumeyahariri matangazo hayo kwa miaka mingi, tumesahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi, lakini hatukuwahi kukaa kitako tukajiuliza maneno yenyewe yana historia gani na desturi inayotajwa na maneno hayo ilifikaje mjini.

Makala haya yanakusudia kuanza kazi hiyo. Tumechagua kusimama Majanji, bandari ndogo ya Ziwa Viktoria katika Wilaya ya Busia, Uganda. Sababu ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu kadhaa hutoka pande zile na matangazo yao hayakosekani katika ukurasa wa mwisho. Sababu ya pili ni deni. Tutalieleza tukifika mahali pake.

Mahali penyewe

Majanji ipo kwenye Ghuba ya Berkeley. Ukitazama upande wa mashariki unaiona Kenya bila kuhitaji darubini. Mto Sio unaingia ziwani pale, na ng'ambo yake kuna Sio Port na, kusini zaidi, Port Victoria. Wenyeji wengi wa pande zote mbili ni Wasamia. Hadi mwaka 1902 wote walihesabiwa kuwa watu wa Uganda, kwani Jimbo la Mashariki la Uganda la wakati huo lilifika hadi Naivasha. Mwaka huo Waingereza walilihamisha jimbo hilo na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta wamegawanywa na mto ambao walikuwa wakiuvuka kwenda kuposa. Wilaya ya Busia ya Uganda nayo ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997.

Ufukweni pale utasikia Lusamia, Kidholuo, Luganda na Kiswahili katika bei moja ya samaki. Wale samaki wadogo wanaoanikwa juani huitwa mukene na Mganda, omena na Mkenya na dagaa na Mtanzania, na mchuuzi hodari huyatumia majina yote matatu kabla ya kumaliza kupima debe. Ni eneo hili la Busia ndilo lililolipa eneo zima la Afrika Mashariki neno bodaboda, kutokana na baiskeli zilizowavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Kwa hiyo tusiwadharau watu wa mpakani katika mambo ya msamiati.

Pesa za kijiji kama hiki hutoka ziwani na mjini. Za ziwani zimepungua. Jeshi lilipoanza kusimamia uvuvi haramu mwaka 2017, mitumbwi mingi midogo iliteketezwa pamoja na nyavu zake, na ukivunja mtumbwi wa mtu umevunja pia mchango wake. Za mjini hutoka Kampala na Nairobi. Barabara ya lami kutoka Musita kupitia Lumino hadi Busia na Majanji imeifanya safari ya Kampala kuwa jambo la siku moja. Mtu aondokaye kijijini kwa barabara hiyo anatazamiwa kurudi kwa njia mojawapo ya tatu: akiwa na bahasha, akiwa mgeni wa heshima, au akiwa ndani ya jeneza. Njia zote tatu huhitaji mchango.

Kitambaa na moshi

Tuanze na njia ya tatu, maana ndiyo kongwe. Kampala, na siku hizi hata Busia na Tororo, fedha zinazotolewa kwa wafiwa huitwa mabugo. Neno hili ni la Luganda na linatokana na lubugo, yaani nguo iliyotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba. Zamani aliyekwenda kuzika alipeleka nguo hiyo, na maiti alifungwa katika mbugo nyingi zilizoletwa na jamaa na majirani. Wingi wa nguo ulikuwa ndio wingi wa watu. Ufundi wa kutengeneza nguo hizo umetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2005, lakini waombolezaji wengi wa leo hawajawahi kuishika hata moja. Wanashika noti na kuiita mabugo.

Sasa twende pwani. Mswahili wa Dar es Salaam au Mombasa anayekwenda msibani hutoa ubani. Ubani ni ule utomvu wenye harufu nzuri unaofukizwa motoni. Ulichomwa kwenye kisomo na kwenye nyumba ya maiti. Baadaye neno hilohilo likawa na maana ya fedha anazopewa mfiwa. Kamusi zetu huziorodhesha maana hizo mbili moja chini ya nyingine bila maelezo, na mwanafunzi hudhani ni bahati tu.

Si bahati. Luganda na Kiswahili vimefanya jambo lilelile bila kuigana: kitu kilicholetwa kwa ajili ya maiti kimeliacha jina lake kwa fedha zilizochukua nafasi yake. Wanaosomesha semantiki wamezoea kutafuta mifano ya uhamishaji wa maana katika vitabu vya Kiingereza. Mfano huu upo mlangoni pao, na ni mzuri zaidi kwa sababu unatuonyesha pia jambo la kihistoria. Mchango wa maziko haukuanza kama fedha. Ulianza kama kitu ambacho mfiwa alikihitaji siku ileile, chenye ukubwa unaojulikana, ambacho kila jirani aliweza kukipata. Hakuna aliyeweza kuleta gome la nguo la ahadi.

Neno la tatu la msibani halikupata bahati njema kama hayo mawili. Matanga, kwa Kiswahili cha pwani, ni muda wa kukaa pamoja na wafiwa. Watu hukaa matanga, na mwishoni huondoa matanga. Neno lilipofika magharibi mwa Kenya lilishikamana na usiku wa kuchangisha kabla ya mazishi, kisha zikaletwa spika kubwa na jenereta, na pakazaliwa disko matanga. Vijana hucheza hadi alfajiri wakitozwa fedha kwa kila wimbo au kwa kumchagua mwenzi wa kucheza naye. Wakuu wa serikali wamezipiga marufuku disko hizo mara nyingi kwa sababu ya wasichana wa shule wanaopata mimba au kudhulumiwa katika usiku huo. Tumewahi kumsikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuliza, kwa unyoofu kabisa, kwa nini mshairi wa pwani ahuzunike kwenye matanga ilhali ni sherehe. Swali hilo lilituchukua kipindi kizima.

Kuhusu upatu, ambao Wakenya wengi huuita chama, hatutasema mengi. Upatu ni akiba ya zamu, aliyetoa atapokea, na hesabu yake ni ya haki kama ratiba. Mchango tunaouzungumzia hapa hauna ratiba.

Kilio cha wavutaji

Harambee ni mwito. Kamusi hulieleza kuwa ni tamko la kuhimizana watu wanapovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Mmoja huita, wengine huitikia, na gogo husogea. Ndipo Jomo Kenyatta alipolichukua: tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, akiwa Waziri Mkuu, aliwataka Wakenya wavute pamoja kwa neno hilo. Likaandikwa kwenye nembo ya taifa, na timu ya kandanda ikaitwa kwalo.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa sana katika mahubiri na magazeti, kwamba neno lilitoka kwa Wahindi waliojenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901, waliokuwa wakimtaja mungu wao wa kike Ambe walipobeba vyuma. Wapo Wakristo wanaokataa kulitamka kwa sababu hiyo. Sisi kama walimu wa lugha tunawaomba wanafunzi wawe waangalifu. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Anayedai ukopaji anapaswa kuonyesha neno lilivyotumika katika lugha ya kwanza kwa maana iliyo karibu, lilivyopokewa na lini. Vilevile anapaswa kueleza kwa nini wavutaji wa majahazi na wapagazi wa pwani, waliokuwa wakivuta vitu vizito karne nyingi kabla ya reli, wangoje hadi mwaka 1896 wapate kilio cha kuvutia. Hatusemi kwamba haiwezekani. Tunasema mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwa mdai.

Kilicho hakika ni kwamba jambo lenyewe lilikuwapo kabla ya jina. Wakamba walikuwa na mwethya, Wagikuyu walikuwa na ngwatio, Wajaluo walikuwa na saga, na Waganda walikuwa na bulungi bwansi, siku ya kufagia njia na kuchimbua visima. Hizo zote zilikuwa kazi za mikono. Namna ya kugeuza mikono kuwa fedha ilianza kuonekana katika shule huru za Wagikuyu. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939, kilijengwa kwa michango ambayo marika yalishindana kuitoa, kila rika likiona haya kushindwa na lingine. Baada ya hapo zilikuja karamu za chai na dansi za kuwachangia vijana waliokwenda kusoma Marekani katika zile ndege zilizopangwa na Tom Mboya kuanzia mwaka 1959. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81, na nyuma ya wengi wao palikuwa na kijiji kilichouza ng'ombe.

Baada ya uhuru shule za harambee zilienea Kenya hadi zikazidi shule za upili za serikali kwa idadi. Jambo moja la shule hizo linawahusu sana wasomaji wa upande wetu wa mpaka, na halitajwi vya kutosha. Wakati wa utawala wa Idi Amin, walimu wengi wa Uganda walikimbilia Kenya, na waliajiriwa kwa wingi katika shule hizo za harambee, ambazo hazikuwa na walimu waliohitimu wa kutosha. Kuna Wakenya wa umri wa kustaafu waliofundishwa hisabati au fizikia na Mganda aliyelipwa kwa fedha za kuku na maziwa. Wengine kati ya walimu hao walirudi nyumbani baada ya mwaka 1979 wakiwa na Kiswahili, lugha ambayo wengi kwao waliihusisha na askari, na wakiwa na neno harambee.

Jina lilipovuka mpaka halikulipiga teke lile la Kiingereza. Kampala watu husema fandireizing, au kwa Luganda huzungumzia okusonda. Lakini kadiri unavyoshuka kutoka Tororo kuelekea Busia na Majanji, harambee husikika zaidi, na tofauti ya maana ipo: fandireizing ina kadi na chakula, harambee ina meza, beseni na mtu anayeita majina.

Mjini

Mjini ndiko mchango ulikopata kamati. Mtafiti David Parkin alikaa katika mitaa ya Nakawa na Naguru, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1969 kinaonyesha jinsi Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya walivyojipanga katika vyama vya ukoo na vya mahali walikotoka. Vyama hivyo vilicheza kandanda, vilisuluhisha ugomvi wa nyumbani, na vilihakikisha kwamba aliyefia Kampala hazikwi Kampala. Mwishoni mwa mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Na upande wa Kenya, vyama vikubwa vya kikabila vilivunjwa kwa amri mwaka 1980. Hata hivyo kamati ya maziko haikuvunjika popote. Ilibadilisha jina, ikahamia kwenye ukumbi wa kanisa au nyuma ya baa, ikaendelea.

Waganda nao wana munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida, kikundi kinachomiliki sufuria, viti na turubai na kuvitoa kwa mwanachama aliyefiwa. Dar es Salaam kuna kamati za arusi zenye mwenyekiti na mweka hazina, na kadi ya mchango inayokutangulia kufika ofisini kabla ya kadi ya mwaliko. Kampala mikutano ya arusi hufanyika kila wiki kwa miezi, na keki hupigwa mnada vipande vipande. Mnada huo wa mjini una babu yake kijijini: jogoo anayeuzwa, akarudishwa na mnunuzi, akauzwa tena, hata jogoo mmoja akalipa bati tano na bado akarudi kulala kwa mwenyewe.

Upande wa Kenya siasa iliikuta harambee mapema na haikuiacha. Enzi za Rais Moi ilikuwa kawaida kusikia fedha zikitangazwa kuwa zimetoka kwa Mheshimiwa Rais na marafiki zake, na hakuna aliyeuliza marafiki hao walizipata wapi. Machifu walikusanya michango ya lazima. Mtu aliweza kunyang'anywa kuku kwa ajili ya hiari. Uchunguzi wa tawi la Kenya la Transparency International ulionyesha kwamba michango ya wanasiasa hupanda uchaguzi unapokaribia. Baada ya mabadiliko ya serikali, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha, na jopo lililoongozwa na Koigi wa Wamwere likachunguza harambee za miaka iliyopita. Miaka 21 baadaye, Julai 2024, maandamano ya vijana yalipokuwa yamepamba moto, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Walimu wa pragmatiki waliowahi kueleza tofauti ya katazo na utekelezaji watajua kwa nini tangazo lile lilihitajika kutolewa upya.

Deni letu

Tulisema tungefika hapa. Mwaka 2009 tulialikwa Kampala kwenye harambee ya kuezeka madarasa ya shule moja ya upili karibu na Majanji. Idara iliwakilishwa na wahadhiri wawili na wanafunzi sita. Ukumbi ulijaa wenyeji wa kule wanaofanya kazi Kampala, na kundi jingine lilikuwa limesafiri usiku kutoka Nairobi. Mshereheshaji alikuwa hodari, akihama kutoka Lusamia kwenda Luganda na kurudi. Katibu alikuwa na daftari lenye safu mbili, moja ya shilingi za Uganda, nyingine ya shilingi za Kenya.

Zamu yetu ilipofika tulisimama wote wanane. Tulikuwa tumekubaliana tangu njiani kwamba tuzungumze Kiswahili, sanifu na bila kuchanganya, kwa kuwa nafasi ya kuitangaza lugha haipotezwi. Mmoja wetu akatoa risala fupi nzuri na kumaliza kwa kuahidi shilingi elfu hamsini. Makofi yalikuwa makubwa kuliko tulivyotarajia. Tuliyapokea kama heshima kwa Kiswahili.

Wiki tano baadaye barua ilikuja. Ilitushukuru kwa ahadi yetu ya shilingi 50,000 za Kenya. Wakati huo shilingi moja ya Kenya ilikuwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda; ahadi yetu ilikuwa imevuka milioni moja. Katibu hakukosea kwa uzembe. Ukumbini mle watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili walikuwa wale waliotoka Nairobi, na sisi. Alisikia lugha akajua sarafu. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na minne tangu Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado Waganda wanane waliokizungumza walihesabiwa kuwa wageni.

Hadithi ingekuwa ya kuchekesha kama isingekuwa mabati. Kamati ilikuwa imepiga jumla, ikaenda dukani na daftari hilo, ikakopa. Tulipoandika kueleza kosa, mweka hazina alituelewa, akaikata ahadi yetu kwa wino mwekundu na kutuomba radhi, jambo lililotuumiza zaidi ya lawama. Mwenye duka la vifaa hakuwa na sababu ya kuelewa. Alisitisha kutoa shehena ya mwisho. Darasa moja likabaki limeezekwa nusu msimu mzima wa mvua za masika, na wanafunzi wa kidato cha tatu walijibana upande mmoja wa chumba kila wingu lilipotanda kutoka ziwani.

Tulikutana ofisini. Mmoja alisema, kwa haki kabisa, kwamba hatukuahidi fedha zile na hatuna deni. Mwingine alisema kwamba ni kweli hatuna deni, lakini kuna bati. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko mjadala wowote wa mtaala tuliowahi kuwa nao. Mwishowe tulilipa theluthi ya fedha zile kwa awamu tatu, kwa kazi za kusahihisha miswada na kutafsiri matangazo ya afya. Darasa lilikamilika mwaka uliofuata, zaidi kwa fedha za wengine kuliko zetu. Mmoja wa waliosomea upande ule mkavu alikuja kujiunga na idara yetu. Alikuwa haijui habari hii mpaka aliposoma rasimu ya makala haya, na alichouliza ni kwa nini hatukusema tu "za Uganda".

Tumelifikiria swali lake. Katika mabugo na ubani hapakuwa na nafasi ya kuuliza hivyo. Gome ni gome. Fedha ndizo zilizoleta ahadi, na ahadi ndiyo iliyoleta daftari, kipaza sauti na makofi kabla ya malipo. Nguvu yote ya harambee, tangu marika ya Githunguri, imo katika kusikiwa ukitaja kiasi. Udhaifu wake pia umo humo.

Beseni lisiloonekana

Simu imeliondoa beseni mezani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na huduma ya MTN ya fedha kwa simu ikafuata Uganda mwaka 2009. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya shilingi milioni 500 na ikalipita lengo hilo, sehemu kubwa ikitoka kwa watu waliotuma kidogo kidogo kwa simu bila kuitwa majina. Uganda, Katikkiro wa Buganda Charles Peter Mayiga alianza mwaka 2013 kuzunguka akikusanya fedha za kazi za Ufalme, ikiwemo kujenga upya makaburi ya Kasubi yaliyoungua Machi 2010. Aliiita kampeni hiyo Ettofaali. Msomaji ataona kwamba ni tofali letu la Kiswahili limevaa kanzu ya Kiganda. Tena ni kitu chenye ukubwa unaojulikana, ambacho mtu yeyote anaweza kukiwazia mkononi. Tunashuku kwamba aliyechagua jina hilo alikumbuka lubugo, ijapokuwa hatuwezi kulithibitisha.

Mjini mchango sasa hukimbia. Nairobi ina Mater Heart Run kwa ajili ya upasuaji wa moyo wa watoto, na marathoni yake iliyoanza mwaka 2003 ilichangia matibabu ya macho. Kampala ina marathoni tangu 2004 na mbio za Rotary za saratani tangu 2012. Mtu hununua fulana, fulana ndiyo risiti. Vijana wa chuo huosha magari Jumamosi kulipia matibabu ya mwenzao. Tunazipenda shughuli hizi na wanafunzi wetu hushiriki, lakini tumegundua kwamba hakuna hata moja ambayo jina lake la Kiswahili limezoeleka mitaani. Mbio za hisani ni tafsiri yetu sisi wahariri. Anayekimbia hasemi hivyo.

Majanji hawakimbii. Mvuvi akizama, mitumbwi hukaa nchi kavu hadi apatikane, na asubuhi ile mtu hupita ufukweni na kofia. Fedha za Kenya na za Uganda huingia pamoja, na kwa kuwa zimo mkononi hakuna anayehitaji kuzitaja. Jioni hutumwa ujumbe kwa waliopo Kampala na Nairobi.

Ukurasa wa mwisho wa toleo hili una tangazo la namna hiyo, pamoja na harambee mbili za karo. Kwa matangazo yote matatu tumeweka fomu ya ahadi yenye safu mbili, na juu ya kila safu tumeandika jina la nchi kwa maneno na kwa herufi kubwa. Fomu zirudishwe kwa katibu wa idara, chumba kilekile, pamoja na fedha.